Kome wa Mdogo Wangu

Niseme ukweli mapema ili tusisumbuane: mdogo wangu hajawahi kunikosea. Nimemtafutia kosa tangu akiwa na meno mawili na mpaka leo sijalipata, na hilo lenyewe nahesabu kuwa ni kosa. Mtu asiye na kosa anakuachia wewe yote.

Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama. Mimi ndiye kifungua mimba. Kati yetu hakuna mtu, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia.

Sote wawili ni wafugaji wa kome, wale wenye magamba mawili meusi yanayojifunga kama pochi. Kome hafugwi kama kuku. Humrushii chakula, humwiti jioni. Unawafunga wachanga kwenye kamba kwa wavu wa pamba, unaining'iniza kamba majini chini ya maboya, wavu unaoza, wao wanabaki wamejishikiza kwa ndevu zao, zile nyuzi zinazowatoka gambani. Kisha wanafungua midomo na kuchuja maji, kutwa kucha, bila kuchagua. Kinachopita majini kinapita kwanza matumboni mwao. Kazi yako ni kuwapunguza wakisongamana, kukwangua takataka kwenye magamba, na kuwa na subira. Mimi subira sina, lakini baba alitufundisha kazi hii na si nyingine.

Baba alipotugawia ghuba yake alianza na mimi. "Wewe ndiye mkubwa," akasema, "chagua." Nikachagua mlangoni, pale maji ya nje yanapoingia kwa nguvu. Siku zile ndipo palipokuwa pazuri. Kule ndani, karibu na miamba, maji yalilala tu, na kome wake walikuwa wanaota ukoga. Baba akamgeukia Kitinda, akamwuliza kama ameridhika. Naye akajibu, "Popote tu, baba."

Popote tu! Neno hilo limenikaa kooni miaka kumi na minne.

Maana miaka miwili iliyopita ilikuja kampuni ya samaki. Wakaleta vizimba kumi na viwili, kila kimoja kikubwa kuliko nyumba yangu, wakavitia nanga wapi? Kule ndani, karibu na miamba, ubavuni kabisa mwa kamba za Kitinda. Nikasema moyoni, sasa na yeye ataonja. Nikamwonea huruma hata. Nikaenda kumpa pole na mkungu wa ndizi.

Pole yangu ililiwa pamoja na ndizi. Miezi minane haikupita, kome wake wakaanza kunenepa. Samaki wale wanalishwa vidonge vya chakula kwa mashine, asubuhi na mchana, na wasichokimaliza kinayeyuka, kinatoka nje ya nyavu kama vumbi, kinapita taratibu kwenye kamba za mdogo wangu. Midomo iko wazi, chakula kinajileta. Ukimfungua kome wake mmoja unakuta nyama imejaa gamba mpaka kingoni, ya rangi ya chungwa. Ukimfungua wangu unamkuta amekaa pembeni, kama mgeni aliyekalia ncha ya kochi.

Nilimwendea mwenyekiti wa chama chetu nikamwuliza kama hatuwezi kubadilishana maeneo kwa zamu. Ni mzee mpole, anapenda kumaliza mambo kabla hayajaanza. Akaniambia, "Mama, si ulichagua mwenyewe?" Nikaondoka. Nilichagua mwenyewe, ndiyo. Angenichagulia mtu mwingine ningekuwa na wa kumchukia.

Haya yote ningeyavumilia. Nisichokivumilia ni sufuria.

Kila Alhamisi Kitinda anampelekea mama sufuria ya kome. Mama anakaa peke yake katika nyumba ya ghorofa moja nyuma ya kiwanda cha barafu, vyumba viwili na veranda, redio juu ya friji. Tangu meno yaanze kumsumbua, nyama hataki, ila kome anawaweza. Anawala mmoja mmoja, anayapanga magamba ukingoni mwa sahani, na kila Alhamisi, nikiwepo nisiwepo, anasema maneno yale yale: "Wa Kitinda wana nyama. Wa dada yake sijui anawanyima nini."

Nawanyima nini! Bahari ni yangu?

Mwaka huu samaki wa vizimbani waliugua. Mlishaji wao, jamaa mmoja mcheshi anayefunga boti lake kwenye gati letu, alinionyesha magunia yenye mstari mwekundu. "Hiki ni chakula cha dawa," akaniambia. "Wanakula wiki kadhaa, wakipona tunarudi kwenye cha kawaida. Ila wagonjwa hawana hamu, dada. Kingi kinapotea tu."

"Kinapotelea wapi?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

Akanyoosha kidole kuelekea kwenye miamba. Vumbi la manjano lilikuwa limetanda juu ya maji, linakwenda pole pole kule kule. Na mimi, badala ya kufikiri kama mtu mwenye akili, nilifikiri hivi: hata chakula cha wagonjwa anapata yeye.

Majuma yale yale mama alianza kujikuna. Mikono, shingo, halafu midomo ikawa inamvimba kidogo jioni. Kitinda alikuwa amemletea mafuta mapya ya kujipaka, chupa kubwa yenye picha ya ua. Nilifurahi nilipoiona chupa ile. Nilimwambia mama, "Ni haya mafuta. Vitu vya kunukia hivi si vya ngozi ya mtu mzima." Nikayachukua mwenyewe, nikayatia kwenye begi langu. Mwasho haukukoma, lakini mimi nilikuwa nimeshamtia Kitinda hatiani, na hukumu yangu huwa haina rufaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila baada ya miezi mitatu hutujia mpimaji kutoka maabara. Tunamwita Mizani, kwa kuwa ukimsalimia anakujibu kwa gramu. Kila mfugaji huleta kome arobaini katika mfuko wa wavu, wenye kibao cha plastiki chenye namba yake. Ishirini wanachemshwa pale pale gatini, nyama inapimwa, na mwenye kome walioshiba kuliko wote anaandikwa ubaoni: Kome Bora. Anapigiwa makofi. Ndiyo hayo tu, makofi. Ishirini wanaobaki wanatiwa kwenye kasha la barafu na kwenda maabara kupimwa usafi, na majibu yanakuja baada ya wiki mbili.

Ufunguo wa banda la gati nilikuwa nao mimi. Kasha la barafu lilikuwa dhamana yangu, tangu baba alipofariki. Wenzangu wanaleta mifuko saa mbili asubuhi, wananikabidhi, wanakwenda kunywa chai, na mimi nabaki nayo mpaka Mizani afike saa nne. Hakuna aliyewahi kuihesabu baada yangu.

Asubuhi ile Kitinda alikuja na mama. Amemshika mkono, amemletea kiti cha kukunja, amemfunika mabega kwa khanga. "Mama amesema anataka kuona tunavyopimwa," akaniambia, huku ananikabidhi mfuko wake. Mzito! Nikauinua, na wangu mkono wa pili, na wepesi wa wangu ukaniaibisha.

Walipokwenda kunywa chai nilikaa juu ya kasha, nikaitazama mifuko ile miwili. Kibao changu ni namba nne, chake namba tano. Vimefungwa kwa waya mwembamba, wa kuzungusha mara mbili tu. Sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilikuwa namfikiria mama kwenye kile kiti cha kukunja, amekuja na miguu yake mibovu kutazama mwanawe mmoja akishinda. Vidole vikafanya vyenyewe. Nilipomaliza, namba nne ilikuwa kwenye mfuko mzito.

Mizani akachemsha, akamenya, akapima. Alipofika namba nne alipima mara mbili. "Hawa ni kome," akasema. Kwake yeye hayo ni mashairi.

Nikaandikwa ubaoni. Makofi yakapigwa. Kitinda alisogea mezani, akaokota gamba moja tupu kati ya yale ya namba nne, akaligeuza, akaliangalia kwa ndani, akalirudisha. Halafu akapiga makofi kuliko wote, mpaka mikono juu ya kichwa.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia mama. Mama alinitazama kama mtu aliyekuta kitu chake mahali alipokwisha kupekua. Akanivuta mkono nilipomwinamia. "Kumbe unaweza," akasema.

Kumbe! Hata ushindi wangu ulikuwa na kumbe. Lakini niliuchukua hivyo hivyo, nikaenda nao nyumbani, nikalala nao.

Raha ile ilidumu siku mbili. Siku ya tatu mama akapiga simu. "Hao kome bora wako mbona huniletei?" Nikamwambia nawaacha wakue kidogo. Wiki ya pili akapiga tena. Nikasema boti limeharibika. Ningempelekea nini? Ningefungua sufuria ya wale wageni wa kwenye ncha ya kochi, siri yangu ingekaa wazi mezani kabla ya chumvi. Kwa hiyo mama aliendelea kula wa Kitinda, na Kitinda aliendelea kumpelekea, tena siku hizi mara mbili kwa wiki kwa kuwa mama alikuwa anadhoofika, hali chochote kingine.

Alhamisi ya wiki ya pili Mizani alikuja na karatasi. Tulikusanyika ndani ya banda, watu tisa. Kitinda hakuwepo. Alikuwa amenitumia ujumbe: "Dada nisikilizie majibu, niko kwa mama na sufuria."

Mizani alikohoa. Safari hii, akasema, maabara wamepima na mabaki ya dawa, kwa sababu ya vile vizimba. Kome wanachuja kila kitu, dawa inayotumika kule inaweza kuwaingia na kujikusanya miilini mwao. Wafugaji wanane wako salama. Mmoja hayuko salama. Kiwango kimezidi kinachoruhusiwa, mara nyingi.

"Namba nne," akasema.

Vichwa vyote vikanigeukia. Mwenyekiti akavua kofia. Fundi wa nyavu, ambaye hajawahi kunipenda, akasema, "Mbona ajabu? Yeye yuko mlangoni kabisa. Namba tano ndiye jirani wa vizimba."

"Namba tano ni safi kabisa," akasema Mizani. "Nami nimeshangaa. Labda mkondo wa maji umegeuka. Namba nne tunamfungia mpaka tujue. Asivune, asiuze, asile. Namba tano aendelee."

Niwaambie kilichopita moyoni mwangu, kwa mpangilio wake, ingawa hakinipi sifa. Kwanza nilikasirika: hata sumu ya Kitinda imeniangukia mimi! Pili nikafurahi, kweli nilifurahi, kwamba ule unene wake wote ulikuwa wa dawa. Nilitamani kusimama nipige kelele, ni wake, ni wake hao! Tatu nikakumbuka kwamba nikisema ni wake, nitakuwa nimesema na jinsi ninavyojua. Nikabana midomo. Nikasema moyoni, nitafungiwa miezi miwili, nitavumilia, yatapita.

Ndipo fundi wa nyavu akauliza ni dawa gani hiyo, na Mizani akainua karatasi karibu na macho, akaisoma. Jina refu, la kuumiza ulimi.

Jina lile nalijua. Nalijua tangu nina miaka tisa, Kitinda akiwa bado hajazaliwa. Mama alijikata mguu kwa gamba la kome, kidonda kikaoza, wakamchoma sindano. Kabla hatujafika nyumbani uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, na alikuwa anavuta pumzi kama mlango mbovu. Baba alimbeba mgongoni kumrudisha hospitali, nami nakimbia nyuma nimeshika viatu vya mama. Walimpa kadi. Jina la dawa limeandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake: asipewe kamwe. Kadi hiyo mama anaiweka ndani ya kifuko cha miwani mpaka leo. Nilifundishwa kulisoma jina lile herufi kwa herufi, ili siku yoyote, popote, niweze kumwambia daktari. Ilikuwa kazi yangu, mimi mkubwa. Kitinda hakufundishwa. Alipozaliwa, jambo lilikuwa limeshakuwa la zamani.

Midomo inayovimba jioni. Mikono. Shingo. Na mimi nimefungia chupa ya mafuta ndani ya begi.

Nikasimama. "Nilibadilisha vibao," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si yangu. "Nne ni tano. Hao wenye dawa ni wa Kitinda, na wale safi ni wangu. Nilibadilisha mwenyewe, humu ndani, mmekwenda kunywa chai."

Mwenyekiti alisema, "Mama, kaa kwanza."

Sikukaa. Niliuweka ufunguo wa banda juu ya meza nikatoka. Njiani nilimpigia Kitinda mara nne, simu inaita tu. Nilijua kwa nini: redio juu ya friji, na mama anapenda aisikie mpaka chooni. Kutoka gatini mpaka nyuma ya kiwanda cha barafu ni mwendo wa dakika kumi na tano. Nilikwenda mbio, mtu mzima mwenye mabuti ya mpira mpaka magotini, na watu wakanipisha wakidhani kuna moto.

Nikawakuta mezani. Magamba yamepangwa ukingoni mwa sahani, nikayahesabu kabla sijasema neno: saba. Mama alikuwa ameshika wa nane. Nikamnyang'anya mkononi, nikachukua na sahani na sufuria, nikavimwaga vyote kwenye sinki.

"Una wazimu?" mama akasema. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba.

"Dada, vipi?" Kitinda alisimama, kijiko mkononi.

Nikasema yote. Nilisema vibaya, nikianzia mwisho, dawa, kadi, magunia ya mstari mwekundu, waya wa kuzungusha mara mbili. Redio ilikuwa inapiga kelele na hakuna aliyekumbuka kuizima. Mama alifungua kifuko cha miwani, akatoa kadi, akaitazama kana kwamba jina lile lingeweza kuwa limebadilika.

Kitinda aliweka kijiko mezani. "Sikujua kuhusu dawa," akasema. "Wallahi, dada, la dawa sikulijua."

"Nani amesema ulijua? Hukujua lolote. Ni mimi."

"La vibao nilijua."

Nikamtazama.

"Kome wangu nawajua," akasema taratibu, anaona haya yeye, si mimi. "Miamba yangu inawaachia mstari mweupe kwa ndani ya gamba. Wako hawana. Nililiokota moja pale mezani, nikaona."

"Na ukanyamaza?"

"Niliona unayataka makofi. Nikakuachia makofi."

Sijui kama mnaelewa alichonifanyia. Kitu pekee nilichowahi kumwibia mdogo wangu maishani, kumbe alikuwa amenipa. Ningemzaba kofi. Mkono ulifika nusu ya njia, ukageuka, ukaokota khanga kochini, nikamfunika mama mabega, tukampeleka hospitali mmoja kushoto, mmoja kulia.

Daktari alimpa dawa ya kutuliza uvimbe, akamlaza mpaka alasiri. Alisema hawezi kuapa kwamba ni kome, mwili wa mtu mzima una sababu nyingi, ila waachwe mara moja na tuone. Tuliwaacha. Wiki haikuisha mwasho ukakoma. Ile chupa ya mafuta nikairudisha mahali pake, juu ya kabati, bila maneno.

Chama kilikaa kunijadili. Ufunguo alipewa fundi wa nyavu, na sitamaliza kumsikia habari zake. Nimefungiwa mwaka mzima kushindana. Kampuni ya samaki iliitwa, wakaja watu wawili wenye mashati mapya, wakaahidi watatujulisha kila wanapotumia dawa na kwamba watasogeza vizimba. Mpaka naandika haya, vizimba viko pale pale.

Kilichobaki ni kome wa Kitinda. Mizani alisema dawa hutoka taratibu kome wakihamishiwa maji safi yanayotembea, ndipo wapimwe tena. "Maji safi yako wapi?" akauliza mwenyekiti. Watu wote wakatazama chini, kwa adabu, kwa sababu kila mtu alijua. Yako mlangoni. Kwangu.

Kwa hiyo kamba zake zilikuja kuning'inia kando ya zangu. Tulizihamisha siku mbili, yeye na mimi, boti moja, hatusemezani ila "vuta" na "legeza". Kila siku baada ya hapo ilinibidi nizipite zake ili nifike kwenye zangu. Wiki kwa wiki niliwaona wakipungua. Ningependa kusema nilisikitika. Nilikuwa nainua kamba yake, namfungua mmoja, naangalia, naishusha, na roho inaniburudika.

Baada ya wiki tisa Mizani aliwapima. Wangu safi, kama walivyokuwa siku zote. Wake bado wana mabaki kidogo, wangoje.

Mama naye alikuwa ameisha. Nguo zilimpwaya. Supu anaisukuma, uji anausukuma. Daktari amesema lazima ale kitu chenye nguvu, na yeye amesema hataki kitu ila kome. Nikampelekea wangu. Akafungua sufuria, akaangalia, akafunika. "Hawa ni wako," akasema. "Sina hamu nao. Nitangoja wa Kitinda wapone."

Nilirudi nayo sufuria ile ile. Sikulala vizuri.

Alhamisi iliyofuata niliamka mapema nikaenda kwenye kamba zangu, nikachagua mmoja mmoja. Kwenye kila kamba, chini kabisa, kuna wachache ambao mkondo hauwafikii sana, hao hunenepa kidogo. Nilikusanya ishirini na wawili. Nikawasugua, nikawanyoa ndevu, nikawapika kwa vitunguu kama anavyopika yeye. Halafu nikamwita Kitinda nikamkabidhi sufuria, nikaingia naye.

"Mama," nikasema kabla hajafungua mdomo, "wa Kitinda wamepimwa. Wamepona. Hawa hapa."

Kitinda aligeuka kunitazama. Nikamkanyaga mguu.

Mama alifunua. Akanusa. Akamchukua wa kwanza, akamtafuna akiwa amefumba macho, nami nikasimama pale nimekunja vidole ndani ya mfuko wa gauni. Akachukua wa pili. Wa tatu. Alipofika wa kumi na moja akapangusa kidevu.

"Ndio hawa," akasema. "Wamepungua kidogo, maskini, lakini ladha ni ile ile. Mimi kome wa Kitinda siwezi kuwakosea, hata mkinifunga kitambaa." Akanielekezea gamba tupu. "Na wewe uangalie mwenzako anavyofanya. Huulizi?"

"Nitauliza, mama," nikasema.

Aliwamaliza wote. Alikunywa na mchuzi, akageuza bakuli.

Nikachukua sahani nikaenda jikoni. Nilifungua bomba kwa nguvu ili nisisikike, maana nilikuwa nalia, na kilichokuwa kinaniliza ni wivu, wivu mtupu, juu ya kome wangu mwenyewe. Kitinda alinifuata na kitambaa cha kukaushia vyombo. Akaokota gamba moja kwenye sahani, akaligeuza, akaangalia kwa ndani. Hakuna mstari mweupe. Akageukia mlango, akavuta pumzi ya kumwita mama.

Nikamshika mkono kwa mkono wangu wenye sabuni.

"Nyamaza," nikamwambia. "Leo makofi ni yako."